Nyumba ya Arobaini

Majirani walimwita Mama Daftari, maana kila kukicha alitoka na daftari kwapani kwenda kuangalia watoto wa watu wanavyolia. Alikuwa karani wa profesa mmoja aliyetaka kujua namna malezi ya jamii mbalimbali yanavyojenga hisia za watoto. Kazi yenyewe haikuwa na mengi: mama anatoka chumbani, karani anabaki na mtoto, mama akirudi, karani anaandika mtoto amefanya nini. Amemkimbilia? Amelia? Amenuna?

Miaka miwili alizunguka hivyo. Bintiye alimwacha kwa wifi yake waliyeishi naye, tangu mtoto hajaota jino.

Nyumba ya arobaini, ya mwisho katika utafiti, ikajitoa dakika za mwisho, na profesa akaomba waende kwa karani mwenyewe. Akakubali, tena kwa majivuno kidogo. Nani angemshinda kwa mambo hayo? Kumbe mganga hajigangi.

Akamwacha mtoto na profesa, akaenda uani, akasimama karibu na karo akihesabu dakika tatu. Aliporudi, mtoto alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa. Hakuinua uso. Akamwita taratibu, wapi! Mara wifi akakohoa jikoni, na mtoto akatoka mbio kwenda kumkumbatia miguu.

Profesa, mtu mwenye utu, alimweleza kuwa ziko jamii nyingi ambako mtoto hulelewa na mikono mingi, na hukua salama salimini.

“Mwanao hana tatizo,” alisema.

“Najua. Mwenye tatizo ni mimi.”

Wiki hiyohiyo akaacha kazi. Akawa yeye wa kuogesha, yeye wa kulisha, yeye wa kubembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akampokea kama mgeni, kwa adabu. Akijikwaa, alimpita mamaye na kwenda kulilia kwa shangazi. Miezi ikapita, hali ni ileile, na mama akakonda kama aliyefiwa.

Wifi naye haya zikamshinda. Mchana mmoja mtoto amelala, akafunga mzigo wake, akasema anarudi kwao awapishe.

 Mama Daftari akamshika mkono.

“Usiende, wifi. Ukiondoka, atakuwa amepoteza mama.”

Wifi akafungua mzigo. Mama Daftari akaingia chumbani, akajifunika kanga usoni, akalia bila sauti, asije akamwamsha mtoto.