Hodi kwa Mama Sangwa

Kwenye nyumba ile ya mlango wa bluu, mtaani Rwezamenyo, hakuna anayebisha hodi tena. Wapangaji wa sasa wameweka kengele. Wazee wa mtaa wakipita hapo hupunguza sauti, bila kuambiana kwa nini.

Mle alikaa Mukankusi, mama Sangwa, mlokole aliyepatanisha wanandoa na majirani. Hakuwa na ofisi wala cheo. Mtu akiungama kwake kwamba amemkosea mwenzake, alimshika mkono wakaenda pamoja hadi mlangoni kwa aliyekosewa, akamwambia, "Bisha. Sema mwenyewe." Na wa ndani alitakiwa kufungua saa ileile. Nyirarukundo, aliyevunjwa mkono na mumewe, alilia kwamba bado hawezi. Mukankusi akamhimiza, "Fungua, dada. Mungu hakukuchelewesha wewe alipokusamehe." Akafungua.

Oktoba 1990, vita vilipoanza kaskazini, watu wengi mjini walikamatwa wakiitwa washirika wa adui. Léonce, mume wa Mukankusi, fundi wa redio, alikuwa mmoja wao. Mwezi wa pili gerezani akafa. Nyumbani lilirudi koti lake tu.

Mwaka 1992, Jumanne moja ya mvua, alikuja Bizimana, jirani wa nyumba ya tatu.

"Mama Sangwa, nimemkosea mtu."

"Inuka basi, twende kwake."

Hakuinuka. "Nimeshafika," alisema.

Alikuwa amekitamani kibanda cha Léonce cha kutengenezea redio, pale penye wateja. Akawaambia wakubwa kwamba redio zile zinazungumza na adui.

Uji ulifurika jikoni, Mukankusi asiende kuuepua. Kisha akasema, "Toka nje." Bizimana alipotoka, Mukankusi alifunga mlango kwa komeo. "Sasa bisha."

Akabisha. Hakufunguliwa.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila alipotoka kazini. Mukankusi alikaa upande wa pili wa mbao, koti mapajani, akitaka kuinuka na asiinuke. Asipofungua, maneno yote aliyowahi kuwaambia watu yangekuwa ya nini?

Swafiya, mshonaji wa nyumba ya jirani, alipiga kelele kutoka kwenye cherehani yake: "Wee Bizimana, utatoboa mbao za watu!" Kisha akaingia kwa mlango wa nyuma. "Mama Sangwa, wenzako uliwapa dakika moja. Wewe siku ya ngapi hii?"

"Ya tisa."

"Nyirarukundo akisikia atacheka mpaka alale chini." Alipouona uso wa mwenzake, Swafiya aliacha kucheka. "Nisamehe, dada. Mdomo wangu huu."

Asubuhi yake Mukankusi alikwenda peke yake kwa Nyirarukundo, akabisha.

"Nilikulazimisha," alisema. "Sikujua nilichokuwa nakuomba."

Dirisha lilifunguka kidogo. "Aliuvunja tena mkono huuhuu. Ulijua?"

"Sikuuliza."

"Leo siwezi kukufungulia, Mama Sangwa."

"Sawa. Nitarudi."

Jioni ile Bizimana alipobisha, kwa mara ya kwanza alijibiwa. "Leo siwezi. Lakini usiache kuja."

Hakuacha. Mwezi wa tatu wa kubisha ulikuwa unaisha komeo lilipotoka. Mukankusi hakusema amesamehe. Alimpa koti alishike, akasema, "Ingia. Sema yote tangu mwanzo, na usilie." Alisikiliza hadi mwisho. Jumapili iliyofuata Bizimana alisimama mbele ya kanisa zima, akasema kwamba Léonce hakuzungumza na adui yeyote, na kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Watu wawili walitoka nje. Wengine walitazama sakafu.

Tangu hapo Mukankusi hakumpeleka tena mtu kwenye mlango wa mwenzake. Alitangulia mwenyewe, akauliza kama wa ndani anaweza kufungua, na akiambiwa hapana, alirudi bila neno.

Nyirarukundo alimfungulia mwaka uliofuata, wakamenya viazi pamoja.

Bizimana aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari. Swafiya pia. Mukankusi sasa yuko Busanza, upande mwingine wa mji, kwa bintiye Sangwa.