Jani la Isale Mbele ya Kamera

Elinipendo hakuomba uigizaji. Alikuwa sokoni hapa kwetu Mwika, amepanga mikungu yake ya ndizi mshare, Yassin alipomkuta. Yassin ni kijana wa Majengo, Moshi mjini, anatengeneza tamthilia za video, na safari hii alitaka mama mjane wa Kichagga. Mama halisi, akasema. Sawa, halisi akampata.

Siku ya kwanza Elinipendo alisoma karatasi aliyopewa, akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mama ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama."

"Wa hapa! Mume kafa juzi, naye kila akifumbua mdomo ni 'hela aisee, hela aisee'? Na huyu mkwe aliyejifungua, unampa ugali na dagaa? Mzazi huku anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, baba. Ukimpa dagaa, mama yake atakuja kumchukua na mtoto wake!"

Watu wakacheka. Yassin, nampa haki yake, alitoa kalamu. Wiki mbili Elinipendo alimnyoosha: mkwe anavyomwamkia baba mkwe, mama anavyoita watoto kutoka migombani, neno gani la Kichagga linatoka lenyewe mtu akishtuka. Kaishia darasa la saba, lakini kalea watoto wanne peke yake kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na marehemu mumewe, na kila kitu cha kihamba hicho anakijua kwa jina.

Kihamba hicho ndicho kinachonichemsha damu mimi jirani yake. Mwaka juzi shemeji yake Jesse, mdogo wa marehemu, aling'oa miche ya isale iliyokuwa mpaka tangu enzi za babu yao, akaipanda tena hatua sita ndani ya upande wa mjane. Hatua sita za migomba na kahawa! Wazee wa ukoo walimwambia arudishe mpaka, kisha achukue jani la isale aende kumwomba shemeji yake msamaha. Jesse akagoma. Alijua kushika isale ni kukiri. Na Elinipendo naye akishalipokea mbele ya watu, basi, kesi imekufa, hata mpaka ukibaki pale alipousogeza.

Sasa sikiliza ujanja wa mtu mzima asiye na haya. Jesse alimfuata Yassin, akamwambia tamthilia haina utamaduni wa kutosha.

"Weka shemeji anayeomba msamaha kwa isale," akamwambia. "Mimi mwenyewe nitaigiza, bure."

Yassin, mtoto wa mjini, akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Elinipendo hakuambiwa kitu. Walimwambia tu, leo kuna mgeni analeta zawadi, wewe pokea.

Ua wa Elinipendo ulijaa watu siku hiyo. Mzee Aikaeli, mkuu wa ukoo, alikalishwa mbele kabisa. Jesse akatokea migombani na kofia mkononi, akapiga goti, akanyoosha jani bichi la isale.

"Shemeji, nimekukosea. Pokea."

Mkono wa Elinipendo ulishaanza kunyooka. Akaona jani. Akaurudisha mkono nyuma ya mgongo kama aliyeguswa na moto.

"Pokea, mama!" Yassin akanong'ona. "Kamera inatembea!"

"Itembee! Jesse, hilo jani umelileta wewe, au kalileta huyo mtu wa kwenye karatasi ya Yassin?"

"Shemeji, ni mchezo tu."

"Mchezo? Na humo mchezoni umenikosea nini? Taja!"

Elinipendo akamgeukia Aikaeli.

"Baba, umemwona? Kashika isale, kapiga goti, kasema kakosea. Kuna asiyemwona?"

"Tumemwona," akasema mzee, akasimama kwa fimbo yake. "Na isale haiigizwi. Jesse, umekiri mbele ya ukoo. Twende mpakani."

"Lakini Mzee, ilikuwa video..."

"Nenda ukalete jembe, bwana!"

Yassin alijaribu kuomba wamalizie kwanza kurekodi. Nilimwambia afunge mdomo, na nilimwambia kwa sauti. Mtu unaingiaje kwa watu, unaokota kitu kinachomfunga mtu maisha yake yote, unakitia kwenye video kama pambo, hata huulizi? Angalau angemuuliza yule yule aliyemfundisha mtori!

Hatua sita zilipimwa kwa miguu ya Aikaeli mwenyewe. Jesse alichimba mashimo tisa, jasho linamtoka, wanawake wote wa mtaa tumesimama tunamhesabia. Miche ikarudishwa pale ilipokuwa mwanzo. Alipomaliza akamnyooshea Elinipendo lile jani tena, limeshanyauka.

"Leo umerudisha ardhi," Elinipendo akamwambia. "Msamaha njoo uuombe siku ambayo hujatumwa na mzee wala kamera."

Akaingia migombani kukata majani ya ng'ombe. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo, Jesse hajaja.