Mtamba Aliyefungwa Peke Yake

Sogea, mdogo wangu, nikueleze jambo nililowafundisha wengine kabla sijalijua mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza Ntimaru, kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu niliyobeba kwenye mtungi wa baridi. Mume wangu alibaki kisiwani Takawiri. Tulikuwa tukitafuta mtoto kila nilipokwenda kwake likizo, lakini siku zangu za hedhi zilikatika nilipotimiza miezi minne Ntimaru. Sikumwambia mtu. Jioni nilikula ugali nikiwa nimesimama, redio nimeizima, nisije nikakosa kumsikia anayebisha. Hakubisha mtu.

Siku moja mama mfugaji aliniita kumwona mtamba wake, aliyemnunua mbali, huko Lambwe.

"Daktari, huyu ni tasa. Ijumaa anaenda kwa mchinjaji."

Nilimpima. Alikuwa mzima, amenona. Ila alifungwa peke yake nyuma ya ghala, kwa kuwa wenzake walimpiga pembe.

"Si tasa, mama. Ubongoni mwake kuna seli zenye maagizo, yaani jeni, ya kutengeneza homoni inayoanzisha safari ya kuzaa. Akiishi na hofu siku nyingi, homoni za msongo hufika kwenye seli hizo na kuzipunguzia jeni kazi. Mwili unaona huu si wakati wa kulea. Lakini maagizo hayajafutwa, yamenyamazishwa tu. Mpe mwenzake mmoja mpole, kisha umngoje."

Alinitazama toka buti hadi kofia.

"Na wewe, daktari, umefungwa wapi?"

"Mimi si ng'ombe, mama!"

"Ng'ombe wangu amekushinda nyama. Unakula na nani?"

Nikajifanya natafuta glavu.

Mtamba aliwekwa zizi moja na ng'ombe jike mmoja mzee, na baada ya wiki tano akaanza kutafuta dume. Mimi nilikwenda hospitali Migori mjini. Hawakuona mimba wala ugonjwa. Mhudumu alinieleza polepole yale yale niliyomweleza mama, nami nikaitikia kama mgeni wa habari hizo.

Tangu hapo nilikula jioni kwa yule mama. Watu wa nyumbani kwake walizungumza Kikuria, nikaelewa vicheko tu, lakini nilikula nimeketi. Siku zangu zilirudi, zikichelewa kuliko za mtamba. Mtoto bado tunamtafuta.

Nawe, siku zako zikikatika miezi mitatu, usijiite tasa. Nenda kliniki upimwe, na uwaambie pia unakula na nani.