Handaki la Baba

Mimi huwa sikai kitako jambo likiniwasha, na mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nimewashwa na darasa la nne. Niliwafundisha kwamba zamani treni ilifika Nachingwea, wakacheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nikawaambia baba yangu mzazi ni mmoja wa walioijenga reli hiyo, na kwamba kabla ya kufunga shule wataiona kwa macho yao. Hapo nilikuwa nimejifunga mwenyewe.

Baba alikuwa akiishi nami Ruangwa. Mtoto wa jicho alishamharibu macho yote mawili, akawa anatambua mwanga na kivuli tu. Tangu nikiwa mdogo alinisimulia alivyovuka Ruvuma akiwa kijana, Mmakua asiyejua hata Kiswahili cha kuombea maji, akapata kazi kwenye reli. Nilipomwomba anielekeze tuijenge upya, ndogo, kwenye banda la nyuma, alisimama pale pale akaulizia fimbo yake.

Tulijenga mwezi mzima. Banda lilikuwa na urefu wa hatua kumi na mbili, nasi tulilijaza lote. Mabehewa niliyatengeneza kwa madebe ya mafuta ya kula, kila moja kubwa kama boksi la viatu, na treni nzima ilivutwa kwa kamba niliyoizungusha kwenye rimu ya baiskeli. Milima nayo ilikuwa yangu. Nilifunga fito kama ninayejenga ukuta, nikazivika magunia ya korosho yaliyochovywa kwenye uji mzito wa muhogo, juu yake nikakandika udongo wa kichuguu niliouagiza kutoka kijiji cha Narung'ombe. Msitu ulikuwa vipande vya madodoki vilivyopakwa rangi ya kijani. Baba alikagua kwa viganja. Mlima usiomridhisha aliubomoa palepale, nami nikaukandika upya huku nanung'unika.

Handaki ndilo lililotutesa. Baba alitaka mlima wa mwisho kabla ya Nachingwea utobolewe, treni iingie gizani itokee upande wa pili. Mara mbili dari liliporomoka. Mara ya tatu nikachukua ndoo mbovu, nikaikata kitako, nikailaza ndani ya mlima na kuifunika udongo. Baba aliingiza mkono mpaka kwapani, akatabasamu, akabaki hivyo hadi nikamwambia chai inapoa.

Wiki ya maonyesho yetu kwa watoto nilikwenda Nachingwea kwenye semina ya walimu, nikampitia mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa reli. Nilitaka kumwalika, na kumuuliza lile handaki lilikuwa na urefu gani. Alinitazama kwa huruma. Reli yao, alisema, haikuwa na handaki hata moja. Vilima walivikata kutoka juu wakapita katikati. Nikamweleza baba alivyo: Mmakua, mrefu, chale mashavuni. Mzee akajipiga paja.

"Huyo namkumbuka sana, mwanangu. Alikuwa anatuuzia mihogo ya kuchoma. Kazi aliomba kila mwezi, wakamkataa kwa sababu ya kifua. Handaki tulimdanganya sisi, utani tu. Tulimwambia liko huko mbele, na yeye huko mbele hakuwahi kufika."

Aliniahidi kwamba yeye angenyamaza, ila angekuja na wenzake wawili ambao midomo yao haina breki.

Nilirudi nyumbani na hasira, sifichi. Miaka yote ile! Niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikafagia uwanja mara mbili, nikaenda dukani na kufika bila kukumbuka nimefuata nini. Kwanza nilimkasirikia baba kwa kunidanganya. Kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kuwaalika watu waje kumwaibisha mbele ya watoto. Asubuhi ya maonyesho, baba akiwa bado amelala, niliingia bandani na jembe, nikaupasua ule mlima kutoka juu, nikang'oa ndoo na kukandika kingo mbili haraka haraka.

Baba alikuja kukagua kwa mara ya mwisho. Kiganja chake kilifuata reli, kikapanda mlima, kikatumbukia penye uwazi. Akapapasa udongo mbichi huku na huku.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Dari limeporomoka tena."

Baba aliomba maji ya kunawa na shati lake jeupe.

Watoto walijaa bandani. Wale wazee watatu walisalimiana na baba, wakaketi mbele. Nilikusudia kuiendesha treni mara moja pasiwe na nafasi ya maswali, lakini msichana mmoja aliwahi kunyoosha mkono: babu alikuwa akifanya kazi gani kwenye reli? Baba akasimama.

"Mimi reli sikujenga," alisema. "Niliomba kazi, hawakunipa. Nilikuwa nawauzia mihogo hawa waliokaa hapa. Na hilo handaki nililomsumbulia mwanangu, niliambiwa tu."

Hata wale wenye midomo isiyo na breki waliinamisha vichwa. Nikazungusha rimu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, machozi yananitoka mbele ya darasa langu. Treni ikapita kati ya zile kingo, watoto wakashangilia, na hakuna aliyemtazama baba tena. Yeye alikuwa bado amesimama, uso ameuelekeza upande usio na mlima.

"Imeshapita?" akaniuliza.

"Bado, baba," nikamjibu. Nikazungusha rimu kinyume mpaka treni ikarudi nyuma ya mlima, nikamshika mkono, nikauegemeza kwenye ukingo, ili ikipita imguse vidole.