Panya Thelathini wa Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa mtunza vifaa wa maabara ya sekondari aliua panya, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia aue. Walimwambia andaa. Andaa panya kumi wa kidato cha tatu. Andaa ishirini, wakaguzi wanakuja. Naye aliandaa: pamba, dawa ya kulaza, mtungi wa kioo wenye kifuniko. Wanafunzi walimwita Bibi Panya. Mumewe alimtania kwamba ameoa zahanati, na mjukuu hakumpakata kabla hajanawa mara mbili, maana ile harufu ilimganda mikononi.

Panya weupe aliwalea mwenyewe, nyuma ya stoo. Kulikuwa na jike mmoja aliyekimbilia wavu wa kizimba kila akisikia funguo zake.

Ndiyo maana kompyuta zilipofika, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mwalimu mpya wa baiolojia, kijana mwenye maneno mengi, alimwonyesha panya ndani ya kioo: unamfungua ngozi, unauona moyo, ini, figo, ukimaliza unabonyeza, anakuwa mzima tena.

"Na damu?"

"Rangi tu hiyo, mama."

"Na hawa wangu?"

"Hao wamestaafu. Waache wale pensheni."

Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Ijumaa mchana karatasi ikaletwa stoo: *Mtunza vifaa, tafadhali andaa panya thelathini kwa kipindi cha Jumatatu, saa mbili.* Sahihi ilikuwa ya kijana yule yule.

Alikwenda kumtafuta, akaambiwa ameshaondoka. Simu yake haipatikani. Akaingia kwa mkuu wa shule bila kubisha hodi.

"Mkuu, si tulisema basi?"

Mkuu aliitupia karatasi jicho. "Mama, kusoma unajua?"

"Najua."

"Imeandikwa nini?"

"Andaa panya thelathini."

"Basi andaa. Kila kitu lazima tubishane?"

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, alifungua mtungi. Yule jike alikuwa wa tisa. Alikuja mwenyewe. Wa thelathini alipotulia, mtunza vifaa alikuwa ameuma mdomo mpaka umechanika.

Saa mbili kasoro robo mwalimu akaingia akipiga mluzi.

"Shikamoo, mama. Panya wangu tayari?"

"Hao hapo."

Mluzi ukakatika. "Hawa... hawa ni nini?"

"Panya. Thelathini."

"Mama! Mimi nilitaka panya wa kompyuta! Wale wenye waya! Wamo kwenye boksi, hapo nyuma yako!"

Wengine husema kipanya, wengine mausi. Mwalimu aliandika panya, kama anavyosema na wenzake, wala hakufikiri karatasi inakwenda kwa nani. Na sasa, Mungu amsamehe, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha woga, lakini alicheka.

"Cheka tena," alisema mtunza vifaa. "Nakwambia cheka tena, nikuone."

Mkuu alifika, akasikiliza, akatazama saa yake. "Ni makosa ya uandishi tu. Sasa wasipotee bure. Wapelekeni darasani wapasuliwe."

"Hawapasuliwi."

"Ni mali ya shule, mama."

"Karatasi nilikuletea mkononi."

"Ulipaswa kuuliza vizuri."

"Kuuliza vizuri!" Sauti ilifika mpaka uwanjani, wanafunzi waliopanga foleni mlangoni wakachungulia ndani. Alichukua kisu cha kupasulia, akamwelekezea mkuu mpini. "Haya, anza wewe. Miaka kumi na tisa mnaniambia andaa, andaa, na sijamwona hata mmoja wenu akishika mkia. Shika!"

Mkuu alikitazama kisu, akaitazama sinia ya panya. Akasema ana kikao. Akatoka ubavuubavu katikati ya wanafunzi.

Kipindi kilifanyika kwenye kompyuta. Mtunza vifaa hakwenda kutazama. Alipakia panya kwenye toroli, akalisukuma hadi nyuma ya vyoo, akaanza kuchimba. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Aliupiga jembe kama mtu anayempiga mtu.

Kipindi kilipokwisha mwalimu akamfuata, tai imo mfukoni.

"Nisamehe, mama. Nilikosea neno."

Mtunza vifaa alitoka shimoni, akamkabidhi jembe.

"Chimba."

"Nina kipindi kingine saa nne..."

"Nimesema chimba."

Akachimba, viatu vyake vizuri vikaliwa na udongo. Alipotaka kuliinamisha toroli awamwage wote kwa pamoja, mtunza vifaa alimdaka mkono. Mmoja mmoja, alimwambia, na uhesabu kwa sauti.

Alipofika kumi na nne sauti ikamkauka. Mtunza vifaa hakumhurumia.

"Kumi na tano," alisema. "Endelea."