Kadzo Dalali Aenda Pembeni na Mheshimiwa

Kama hujawahi kupunjwa na Kadzo Rai pale Kinango siku ya soko, basi hujawahi kununua mbuzi; labda ulinunua paka ukadanganywa. Madalali wanaume wenye fimbo na kofia husimama kando ya zizi wakijifanya wakubwa, lakini mnunuzi wa Taru au wa Ukunda akishuka garini huuliza swali moja tu: "Yule mama yuko?" Kadzo aliishia darasa la sita. Wenye digrii huja na simu za kupigia hesabu, na kabla simu haijafunguka ameshawauzia mbuzi kiwete kwa bei ya beberu, nao wanamshukuru.

Kazi yenyewe ina njia yake, nayo ni kwenda pembeni. Mwenye mbuzi anabaki na mbuzi wake, dalali anamshika mnunuzi mkono, wanasogea hatua kumi, wananong'ona, wanarudi na bei. Yaliyosemwa kule hayaulizwi. Kila mtu anajua pembeni ndipo dalali anapokata chake, na hakuna anayenuna.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kummaliza.

Kijijini kwake bomba la maji liliishia shuleni, mwendo wa saa nzima juani. Zaidi ya hapo watu hunywa maji ya bwawa la mvua pamoja na ng'ombe, tena ng'ombe ndio hutangulia. Wanawake sitini wa kikundi walimtuma Kadzo awapatanie na mwakilishi wao wa wadi, Mheshimiwa Abdulaziz, kijana wa papo hapo aliyehamia Diani kabla wino wa kiapo haujakauka. Uchaguzi ulikuwa unabisha hodi. Yeye alitaka wanawake wote sitini wasimame naye jukwaani kwenye mkutano wake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wao walitaka bomba.

"Umeshauza mbuzi wenye kichaa," Rispah, mwekahazina wa kikundi, alimwambia, "sisi kutuuza kwa bomba tutakushinda?"

"Afadhali wale mbuzi, shoga. Wana haya."

Mheshimiwa alikuja kijijini na gari kubwa, wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, akawakuta wamekaa kivulini mwa ukuta wa ghala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenona wewe! Kumbe maji ya Diani yana nyama ndani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mheshimiwa akacheka kwa meno tu, kisha akainamisha kichwa. "Mama Kadzo, tusogee kidogo."

Miguu ya Kadzo ikaenda. Hakuiamrisha, ilikuwa imezoea miaka ishirini. Alipofika nyuma ya gari ndipo aliposikia kicheko kule kivulini kimekatika ghafla, akajua alichokifanya.

"Bomba ni jambo kubwa," Mheshimiwa alinong'ona. "Nipe Jumamosi yangu kwanza, bomba litafuata."

"Huo ni mkopo, mwanangu. Sisi twauza taslimu."

"Basi nikuongeze." Akatoa karatasi na kalamu. "Purity yuko nyumbani, sivyo?"

Purity, kitinda mimba wa Kadzo, alikuwa amerudi kutoka chuo cha uuguzi upande wa Msambweni kwa kukosa karo. Asiporipoti Jumatatu ile baada ya mkutano, nafasi yake imekwenda.

"Orodha ya basari za kulipia karo ni hii hapa. Namwandika sasa hivi, asome mpaka amalize. Wewe waambie wenzako bomba laja mwezi ujao. Nani atajua?"

Kadzo aliitazama ile kalamu. Kijana alikuwa amekuja akiijua bei yake tayari. Ndivyo afanyavyo mwenyewe: kabla hajamuuzia mtu, huuliza kwanza habari za watoto.

"Andika jina, na bomba juu yake," alisema. "Nami nikuongezee wanawake wa kijiji cha pili."

"Kimoja, mama. Chagua."

"Punguza ukali."

"Bei ya mwisho." Kalamu ikagusa karatasi.

Mkono wa Kadzo ukanyooka kushika wake, kufunga bei. Ulikuwa njiani hasa, vidole vimekunjuka, alipochungulia juu ya boneti. Wanawake sitini walikuwa wamemkodolea macho. Rispah alikuwa amesimama, anajifunga leso kiunoni taratibu, vile ajifungavyo mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

Mkono ukabaki hewani. Hata angekataa, nani angemwamini? Amekwenda pembeni, basi amekata chake. Angerudi na bomba wangesema amekula, angerudi bila bomba wangesema ameshiba.

Pale sokoni mwenye mbuzi akimshuku dalali ana neno moja la kupaza: "Iitwe!" Hapo dalali sharti arudi mbele ya mali aite hadharani kilichotolewa, na nani, na kwa ajili ya nani. Dalali aliyeitishwa hivyo mara moja hapewi tena hata kuku. Kwa miaka ishirini hakuna aliyempazia Kadzo neno hilo. Rispah alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kulipaza.

Kadzo akamtangulia. Alitoka nyuma ya gari mbio mbio, viatu vikimvuka.

"Naita bei!" Akasimama mbele yao. "Mheshimiwa amenipa basari ya Purity mpaka amalize. Mimi nimpe nyinyi sitini, bila bomba. Na mkono nilikuwa nimeunyoosha. Hiyo ndiyo bei. Wenye mali semeni."

"Mama, hatukuelewana hivyo..." Mheshimiwa alianza.

"Hebu nyamaza, mwanangu," Bi Sidi, mkubwa wao wote, akamkata. "Soko halijafungwa."

Rispah akamkazia Kadzo macho. "Uliunyoosha?"

"Niliunyoosha."

Kisha Rispah akamgeukia Mheshimiwa. "Mitaro tutachimba wenyewe. Mabomba ulete wewe. Maji yakitoka hapa kabla ya Jumamosi yako, tutapanda wote. Yasipotoka, mpinzani wako naye ana jukwaa, na salamu zake zilifika jana."

Mheshimiwa akawatazama, akahesabu vichwa. "Yatatoka," akasema. Akaikunja karatasi yake. "Ila orodha imejaa."

Walichimba wiki mbili na ushei. Kadzo alichimba kwenye mwamba, asiulizwe na mtu, asimuulize mtu. Alhamisi kabla ya mkutano bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji.

Jumamosi walipanda jukwaani wote sitini, na Kadzo akapewa kipaza sauti. Alimsifu Abdulaziz hadi Abdulaziz mwenyewe akaona haya. Kisha karani akasoma majina ya basari, moja baada ya jingine, na kila jina Kadzo alilipigia vigelegele. La Purity halikuwamo, naye alijua. Karani akageuza karatasi ya pili.

Rispah akamfinya mkono. "Yatosha, shoga. Nyamaza."

"Sinyamazi. Shangwe tulimuuzia mpaka mwisho wa mkutano," Kadzo akasema, akajifuta uso kwa pembe ya leso. Jina jingine likasomwa, akapiga kigelegele.