Kanga Mdomoni mwa Mama Mkwe

Enzi za Mwingereza, mume wangu akipasua mbao kule Shume na mimi nikikaa na mama yake kijijini Magamba, mama mkwe alianza kukataa chakula changu. Nikipakua makande ya mahindi na maharage, anasukuma sahani, anajifunika mdomo kwa kanga na kugeukia ukutani.

Kwetu mama mkwe akikataa chakula cha mkwewe, watu hawaulizi mara mbili. Anaogopa sumu. Wifi zangu walikuja, wakamwona alivyokonda, wakanitazama mimi. Mkubwa wao akaniambia nifunge vitu vyangu mapema, maana Ijumaa baada ya sala wazee wa ukoo wangekuja kunirudisha kwa baba yangu. Mume wangu aliitwa, akaja, akakaa anatazama miguu yake. Nilikasirika. Maharage nimelima mimi, kuni nimebeba mimi, halafu muuaji ni mimi!

Ijumaa hiyo nikampelekea uji. Nilijiambia asipokunywa, basi, naondoka kabla hawajanifukuza. Alipiga funda moja, akaruka, bakuli likaanguka na kanga ikamdondoka. Loo! Shavu limevimba, na harufu iliyonijia ilinirudisha nyuma. Nikamshika kidevu, nikachungulia. Meno yamebaki ya kuhesabu, yanacheza, na ufizi unatoka usaha. Mtu anaoza kinywa humu humu ndani, sisi tunatafuta sumu.

Nikamwuliza kwa nini hakusema, naye anajua fika kwamba nafukuzwa kwa ajili yake. Akajibu taratibu, bila aibu yoyote:

"Wewe bado kijana, utaolewa tena. Mimi nikianza kupondewa chakula kama mtoto, nani ataniita mwenye nyumba?"

Usaha ulinishtua, lakini maneno hayo yaliniuma zaidi. Miaka yote namwamkia shikamoo kila asubuhi, kumbe alikuwa radhi kunitupa ili asijulikane kwamba meno yamekwisha.

Hodi ikasikika. Wazee wakaingia, wakaketi. Mama mkwe alikuwa ameshaokota kanga na kujifunika tena. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, funua mwenyewe. Ama nifunue mimi."

Alinitazama, machozi yakimlengalenga. Kisha akashusha kanga, akafungua kinywa mbele ya wanaume wote wale.